Mtani akinyamaza

Mke wangu ni Yanga, mimi Simba. Naanza na hilo ili ujue mapema, jioni ya Jumapili ya Novemba 5, 2023, nani alikuwa sebuleni na nani alikuwa jikoni.

Mapumziko ya mechi yalifika ikiwa moja moja. Kennedy Musonda alitufunga mapema, watu hata hawajakaa vizuri, Kibu Denis akasawazisha, nami nikapata ujasiri wa kutamka maneno ambayo mpaka leo nakumbushwa: "Kipindi cha pili mtaona." Tuliona. Maxi Nzengeli, Aziz Ki, Maxi tena, halafu penalti ya Pacome Zouzoua mechi ikielekea ukingoni. Tano kwa moja. Tena Kwa Mkapa, uwanja ambao sisi Simba wenyewe ndio tuliozoea kuuimbia kwamba hatoki mtu.

Goli la tatu lilinikuta nimesimama, la nne likanikuta nimekaa. La tano sikuliona kabisa. Nilikuwa nimetoka barazani, najifanya naangalia kama mvua inakuja. Nilijua limeingia kwa sababu mtaa wetu wote wa Mtoni ulipiga kelele kwa pamoja na mtu akaanza kugonga bati kwa ufagio.

Jikoni kimya. Hicho kimya ndicho kilichonitisha. Huyu mwanamke namjua: Yanga ikishinda moja bila, tena kwa goli la bahati, mimi huamshwa na nyimbo wiki nzima. Siku hiyo alitoka na sahani ya wali na samaki, akaiweka mezani taratibu, akasema, "Baba watoto, chakula." Sauti yenyewe ni ile anayonisemesha nayo nikiwa na malaria.

Nikamwambia nimeshiba. Nilikuwa sijala tangu asubuhi.

Baadaye, usingizi ukiwa umenikataa, nikagundua kuwa nimefanya kitu nilichomwona baba akifanya nikiwa na miaka tisa. Novemba 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF. Mechi ya kwanza kule Abidjan tulitoka sare ya bila kufungana na Stella, kwa hiyo ya marudiano ilichezwa hapa nyumbani, Uwanja wa Taifa wa zamani, ule ambao siku hizi ni Uwanja wa Uhuru na wenyeji tunauita Shamba la Bibi. Sare ugenini, mnarudi kwenu, mji mzima uko nyuma yenu. Mama alishapika pilau tangu mchana, akaifunika. Watoto tulikatazwa kuigusa mpaka baba arudi na kombe, kana kwamba angelibeba yeye mwenyewe begani.

Tulifungwa mbili bila. Boli Zozo, zote mbili. Jina hilo baba hakuwahi kulitamka mpaka anaingia kaburini. Akilazimika kusimulia alisema "yule kijana". Alirudi kwa miguu usiku, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti cha kamba nje, akaangalia barabara. Mama alipomletea pilau alisema ameshiba. Sisi tukala ile pilau kwa aibu, kimya, tukichagua nyama polepole kama watu walioalikwa msibani wasiomjua marehemu.

Mzee mmoja rafiki yake, jirani yetu, ndiye aliyemtoa kwenye kile kiti. Nitarudi kwake.

Niseme kidogo kuhusu neno lenyewe. Hatusemi tumepoteza mechi, au tuseme ni watangazaji wachache wanaosema hivyo wakitaka kuonekana wamesoma. Sisi tunafungwa. Mbuzi hufungwa, mlango hufungwa, mtu hufungwa miezi sita kwa kuiba kuku. Na ukitazama shabiki aliyetoka kupigwa tano, amefungwa kweli: mdomo umefungwa, simu imefungwa, hata njia ya kupita kwenda dukani imefungwa, maana dukani muuzaji ni Yanga. Mshindi hana neno zito kama hilo. Anasema tu ameshinda, basi, kama aliyeshinda njaa.

Halafu kuna kile kiambishi cha mwanzo, "tu" au "wa". Mwaka 1976 mtafiti wa Marekani, Robert Cialdini, na wenzake walichapisha uchunguzi waliofanya kwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Jumatatu baada ya timu ya chuo kushinda, wanafunzi walioonekana wamevaa nguo zenye jina la chuo walikuwa wengi kuliko Jumatatu baada ya kufungwa. Na walipohojiwa kwa simu kuhusu mechi, ushindi ulikuwa wa "sisi" na kipigo kikawa cha "wao". Watafiti wale wangeokoa gharama ya simu kama wangekaa nusu saa kwenye kijiwe cha kahawa cha Temeke. Jumamosi ni "tumewachapa". Jumatano ni "hawa wachezaji hawana uchungu". Kiambishi kimoja tu kinahama na mtu mzima anatoka kwenye jahazi akiwa mkavu.

Ila nimeona pia wasiohama. Baba alikuwa mmoja wao. Katika maisha yangu yote sikumsikia akisema "wamefungwa". Alisema "tumefungwa" hata kwa mechi ambayo hakuwepo, hakuisikia, na aliambiwa matokeo na kondakta. Nadhani hapo ndipo shabiki wa kweli anapojulikana, na hapo hapo ndipo maumivu yanapomwingilia, maana mlango ni mmoja.

Jumatatu ya Novemba 6 nilizima simu nikaenda kazini. Wenye daladala za Mbagala hawakuhitaji simu. Kondakta alikuwa ananing'inia mlangoni amenyoosha kiganja, vidole vyote vitano, hasemi kitu, anatupitisha sisi abiria chini ya mkono wake kama watoto wanaobarikiwa. Mkono. Ndiyo lugha yenyewe ya mji huu: mabao matano ni mkono, na mkono hauhitaji maelezo. Nilimpa noti ya elfu, akanirudishia chenji akiwa amezipanga sarafu tano, akazihesabu moja moja kwa sauti. Gari zima likaangua kicheko. Mimi nikajikuta na tabasamu, dogo, la kulazimishwa, lakini lilikuwa la kwanza tangu jana yake. Nikala chapati mbili kazini.

Sasa naomba nikiri. Mchezo huu wa mkono niliucheza mimi kabla ya wao.

Mei 6, 2012 Simba iliifunga Yanga tano bila. Hata golikipa wetu, Juma Kaseja, alifunga kwa penalti, na kama kuna kitu kinachouma kuliko kufungwa tano ni kufungwa tano huku moja akiwa amefunga mtu wa kuvaa glovu. Wakati huo nilikuwa namchumbia mke wangu, na kaka yake, ambaye leo ni shemeji yangu, alikuwa Yanga wa kulala na jezi. Asubuhi yake nilinunua maandazi matano, nikayafunga kwenye gazeti lenye picha ya mechi, nikamtuma mtoto ayapeleke. Nikaambiwa shemeji aliyapokea, akayahesabu, akawagawia kuku.

Siku kumi na moja baadaye, alfajiri ya Mei 17, kiungo wetu Patrick Mafisango alifariki kwa ajali ya gari hapa Dar. Kijana aliyezaliwa Kongo, akaichezea timu ya taifa ya Rwanda, na katika yale mabao matano moja lilikuwa lake. Nilikuwa sijanawa uso shemeji alipopiga hodi. Alikuwa amevaa shati jeupe. Hakusema habari ya maandazi. Alinipa mkono, akasema "Pole, shem, poleni sana," akakaa na sisi mpaka saa nne, akanywa chai ya rangi, akaondoka. Ndiyo siku niliyojua kwamba nitaoa kwenye familia ile, Yanga au si Yanga. Na ndiyo siku niliyotofautisha mambo mawili ambayo kabla ya hapo nilidhani ni kiwango tu: huzuni ambayo mtani anaicheka, na huzuni ambayo mtani anainyamazia.

Simba na Yanga tunaitwa watani wa jadi, na magazeti yamelitumia neno hilo mpaka limechakaa. Watu wengi wakilisikia wanaelewa mahasimu. Mtani si hasimu. Baba alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, na watani wa Wazaramo ni pamoja na Wanyamwezi, utani ambao wazee wanausimulia kuwa ni wa tangu enzi za misafara, wapagazi wakitembea kutoka bara mpaka pwani, wakipita kwenye nchi ya watu na kulala kwao. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe, akachukua kuku wako, nawe huna pa kushtaki. Lakini ruhusa hiyo ina kazi, na kazi yake kubwa ni msibani. Mtu akifa, watoto wamezimia, wajane wako mkekani, ndugu hawajui wafanye nini na mikono yao, mtani anaingia akicheka.

Baba alipofariki mwaka 2017, aliyeingia akicheka alikuwa yule mzee rafiki yake niliyesema nitarudi kwake. Mnyamwezi wa Tabora, na juu ya hapo Yanga. Mtani mara mbili. Siku ya pili ya matanga, nyumba imenyamaza kiasi cha kusikia maji yakitokota nyuma, alitokea chumbani amevaa jezi nyekundu ya baba juu ya kanzu, fimbo ya baba mkononi, anachechemea mguu ule ule wa kushoto. Akakaa kwenye kiti cha kamba. Akaangalia barabara. Akasema, kwa sauti ya baba kabisa, "Mimi nimeshiba."

Mama alicheka mpaka akashikwa kifua. Halafu akalia, kilio ambacho kilikuwa hakijatoka tangu siku ya kwanza. Mzee akaendelea: marehemu haendi popote, anadaiwa. Mwaka 1968 sisi tuliwafunga hawa tano bila, wakiitwa bado Sunderland, na huyu bwana alinikopa shilingi akanywee kahawa ya kufutia machozi, hajanirudishia. Mjomba mmoja wetu akajibu kutoka kwenye mkeka kwamba deni hilo lilishalipwa mwaka 1977, sita bila, Kibadeni peke yake matatu, na chenji ibaki huko huko Jangwani, klabuni kwao Yanga. Watu walicheka msibani kwa baba yangu kama watu walioko harusini, na naapa hakuna pole niliyopewa wiki ile iliyonifaa kama hiyo.

Yeye ndiye aliyemtoa baba kwenye kiti mwaka 1993. Mama ndiye aliyenisimulia. Alikuja kesho yake asubuhi na birika la kahawa na kashata, akakaa chini, akasema: "Nimesikia mmeleta wageni kutoka Abidjan, mmewakaribisha, na mmewafungashia na zawadi ya safari." Baba akamtukana tusi moja zito la kizamani. Kisha akachukua kashata.

Nimefikiria sana kwa nini ile inafanya kazi wakati "pole" haifanyi. Jibu langu ni la mtu wa kawaida. Pole inakuthibitishia kwamba umefiwa. Anayekupa pole anasimama pembeni ya shimo, anakuangalia ulivyo ndani. Mtani anaruka humo humo shimoni na kuanza kukusukuma ili apate nafasi ya kukaa, nawe kwa hasira unaanza kusukuma pia, na ukishaanza kusukuma tayari umesimama. Tena mtani anakumbuka. Watu wa pole wanataka usahau haraka. Yeye analiweka goli lile kwenye daftari pamoja na la 1968 na la 1977 na la 2012, na ukishaona maumivu yako yameandikwa kwenye orodha ndefu hivyo, na mengine ni ya kwao, yanapungua ukubwa.

Njia nyingine nimezijaribu. Kubeti dhidi ya timu yangu, kwa mfano. Kuna jamaa wanasema ni kinga: timu ikishinda unafurahi, ikifungwa unakula hela. Nilifanya mara moja, mechi ya ugenini, mkeka ukatiki. Nilinunua nyama kilo moja na hiyo hela na nikashindwa kumwambia mtu imetoka wapi. Sijarudia.

Na njia ya kutafuta mchawi, hiyo hatuitafuti, inakuja yenyewe. Kwetu mtu hafi hivi hivi. Lazima pawe na mkono wa mtu. Timu nayo haifungwi hivi hivi. Baada ya zile tano haikupita wiki kocha Robertinho alikuwa ameshaondoka, na kabla hajaondoka vijiweni tulishawahukumu wengine saba: kipa kauza mechi, beki kapigiwa simu usiku, kiongozi fulani anataka kumwondoa kiongozi mwingine. Nami nilishiriki. Nilimsimulia mtu, kwa uhakika wa aliyekuwepo, hadithi ya mfuko wa fedha niliyoisikia saluni nusu saa kabla. Ilinipa nafuu ya siku mbili. Tatizo la kutafuta mchawi ni kwamba mazishi hayaishi. Kila siku unafukua tena maiti kuangalia ina alama gani.

Jambo la afya silipuuzi, maana baba alikuwa na presha. Daktari wake alimkataza mechi za watani kabisa. Kuna utafiti maarufu uliofanywa Ujerumani wakati wa Kombe la Dunia la 2006, eneo la Munich na jirani zake, ukachapishwa 2008: siku ambazo Ujerumani ilicheza, dharura za moyo ziliongezeka kufikia takriban mara 2.7 ya siku za kawaida. Mimi kilichonishangaza si hiyo namba. Ujerumani katika mashindano yale ilicheza mechi saba ikafungwa moja tu. Watu walikuwa wanakimbizwa hospitali kwenye mashindano ambayo timu yao karibu yote ilishinda! Maana yake moyo hauumizwi na kufungwa peke yake. Unaumizwa na kungoja kujua. Shabiki wa Simba aliyepitia penalti za Orlando Pirates mwaka 2022 na za Wydad mwaka 2023, zote robo fainali, zote tumetolewa, hahitaji daktari wa Munich kumweleza.

Baba alipata ufumbuzi wake. Siku ya mechi alizunguka nyumba kwa nje, redio imezimwa, na kila akipita dirishani alituuliza sisi tulioko ndani: "Bado hai?" Siku ile ya 2012 alizunguka mara nyingi kuliko kawaida. Tulipomwambia tano alisimama, akafuta jasho, akasema, "Basi. Inatosha. Na wao wana wazazi wao."

Nikitaka kumwona shabiki wa Yanga kama mzazi wa mtu, nakumbuka Mei 28, 2023. Wao nao walifika fainali, Kombe la Shirikisho, wakacheza na USM Alger hapa Kwa Mkapa. Nilikuwa nimeshaandaa picha ya kuweka stetasi wakifungwa, na walifungwa kweli, mbili kwa moja. Kabla sijaiweka nikasikia kwamba getini kulikuwa na msongamano, watu wameumia, na mmoja amefariki. Nikaifuta. Mtu alitoka kwake kwenda kuona mpira. Siku ile hakuna mtani aliyefungua mdomo, na ilikuwa sawa.

Wiki iliyofuata Yanga wakaenda Algiers wakashinda moja bila, penalti ya Djuma Shabani mapema kabisa, na kombe wakalikosa kwa kanuni ya magoli ya ugenini. Umeshinda na umekosa. Sijui kama kuna namna mbaya zaidi. Nilimkuta shemeji kesho yake gengeni na nikashindwa niseme nini, nikamwambia mlijitahidi sana. Aliniangalia kama nimemtemea mate.

Nikarudia kosa hilo hilo Aprili 2024. Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, Pretoria, Mamelodi Sundowns. Shuti la Aziz Ki liligonga mwamba likadunda chini, na kwa macho yangu mimi, macho ya Simba, lilivuka mstari. Wakaangalia kwenye VAR, ile video ya waamuzi, wakasema si goli. Yanga wakatolewa kwa penalti. Nikampigia shemeji simu usiku ule ule kumwambia kwamba lile lilikuwa goli halali. Akanyamaza kidogo, akasema: "Shem, usinifanyie hivyo. Nicheke tu kama mtu mzima." Nikamcheka. Nikamwambia mwamba wenyewe ni mwanachama wa Simba na kadi yake imelipiwa. Akakata simu, akapiga tena baada ya dakika mbili kunikumbusha kwamba sisi wiki hiyo hiyo tulikuwa tunatolewa na Al Ahly, robo ile ile, na kwamba jina letu la ukoo ni Mwakarobo. Tulizungumza karibu saa nzima.

Kwa hiyo unaweza kuelewa kwa nini kimya cha mke wangu, ile Novemba, kilinitisha kuliko mabao yenyewe. Kilikuwa kimya cha Mafisango. Kwamba mambo ni mabaya kiasi kwamba hata mtani ameona asiguse. Nikalala nacho usiku kucha. Aliyenitoa ni kaka yake, Jumatatu jioni, baada ya kazi. Alipiga hodi akiwa na furushi la gazeti. Gazeti lenyewe la siku ile, na picha ya mechi imegeuziwa nje. Miaka kumi na moja na nusu alikuwa ameitunza hesabu.

Ndani kulikuwa na maandazi sita. Matano makubwa, na moja dogo, limeungua upande.

"Haya matano yako," akasema. "Na hili dogo la kufutia machozi."

Nikaruka. Nikamwambia goli la Kibu si la kufutia machozi, ni la kusawazisha! Mapumziko ilikuwa moja moja! Goli la kufutia machozi ni la mwisho, watu wameshapigwa! Tukabishana tumesimama mlangoni, majirani wanasikia, mpaka mke wangu akaanza kucheka huko jikoni, kwanza kwa kujizuia, halafu kile kicheko chake chenyewe. Nikasikia mwili wangu umefunguliwa. Nilikula maandazi manne na chai ya maziwa, na nyimbo zikaanza asubuhi iliyofuata kama kawaida.

Mei 2025 tukafika tena fainali ya Afrika. Miaka 32 tangu ile ya baba. Kule Morocco, RS Berkane walitupiga mbili bila, zote robo saa ya kwanza. Ya marudiano tukajipanga kuwaonyesha Kwa Mkapa kukoje, na CAF ikaukataa Uwanja wa Mkapa kwa sababu ya hali ya eneo la kuchezea. Mechi ikahamia Amaan, Zanzibar. Wimbo wetu wote ukabaki Temeke na sisi tukavuka bahari bila wimbo. Mimi sikuvuka, tiketi na boti vilinishinda. Nilienda kibanda umiza cha mtaani, Jumapili ya Mei 25, na shemeji akasema atakuja kukaa nami. Nikamuuliza anamshangilia nani. Akasema amekuja kunywa soda.

Joshua Mutale alifunga mapema kipindi cha kwanza. Tukasema bado moja tu tuwasawazishe. Kipindi cha pili kimeanza tu, Yusuph Kagoma akapewa nyekundu. Tukiwa kumi tulicheza kuliko tulipokuwa kumi na moja. Steven Mukwala akafunga, kibanda kikapasuka, nikamkumbatia mtu ambaye mpaka leo simjui, na halafu mwamuzi akaweka mkono sikioni. Ikafutwa. Nilikuwa nimeketi karibu na mlango, na nikajikuta nimetoka nje, nazunguka kibanda. Nilipopita penye tundu la ukuta nilichungulia nikauliza, "Bado hai?" Sikujua nimeuliza mpaka nilipolisikia.

Dakika za nyongeza Soumaila Sidibe akasawazisha. Moja moja. Jumla tatu kwa moja.

Tulirudi nyumbani mimi na shemeji kwa miguu, bega kwa bega, bila neno. Mlangoni alinipa mkono. Mkono wa kweli, si ule wa vidole. Nikaogopa. Nyumbani mke wangu alikuwa ameshazima televisheni. Jumatatu hakuna aliyesema kitu, wala kondakta, wala muuza duka. Jumanne hivyo hivyo. Nilikaa nje jioni kwenye kile kiti cha kamba, ambacho nilikirithi na nimeshakifuma upya mara mbili, nikaangalia barabara na kumuwaza baba, na yule mzee wa Tabora ambaye naye alikwisha kumfuata, na ni nani sasa amebaki wa kuja na birika.

Jumatano, siku ya tatu ikiwa imetimia, nikasikia hodi. Furushi la gazeti.

"Hongereni," shemeji akasema. "Mmekua. Zamani mlikuwa mnafia robo."

Nikafungua. Makubwa matatu, na dogo moja, limeungua upande. Akaninyooshea lile dogo, akasubiri nianze kubisha.

Sikubisha. Nikaanza nalo.